Batani, Batani, Batani

Wahakiki wetu huandika kuhusu riwaya, filamu, Bongo Fleva, hata mavazi ya harusi za watu maarufu. Sijawahi kukutana na uhakiki wa Kiswahili wa programu ambamo uhakiki wenyewe huandikwa. Word, LibreOffice Writer, Google Docs: tasnifu zetu, barua za kuomba kazi, mashairi yetu ya kwanza, vyote hupita humo, na bado tunazichukulia kama maji ya bomba. Maadamu yanatoka, hakuna anayeuliza bomba limepita wapi.

Mimi nalazimika kuuliza. Sioni. Nasoma na kuandika kwa kisoma skrini, yaani programu inayogeuza yaliyomo kwenye skrini kuwa sauti, au kuwa nukta nundu kwa mwenye kifaa cha kuzionyesha. Shahada ya kwanza yote, na sasa ninapoandika tasnifu ya umahiri katika fasihi ya Kiswahili, nimekaa ndani ya programu hizi saa nyingi kuliko nilizokaa na mshairi yeyote. Nazijua kwa sikio kama konda anavyovijua vituo vya njia yake. Kwa hiyo naomba kuzihakiki kama tunavyohakiki matini nyingine: zinasema nini, zinamsemesha nani, na zinamnyamazia nani.

Tuanze na jinsi zinavyosikika. Anayeona akifungua programu ya kuandikia hupata kila kitu kwa mpigo mmoja: ukurasa mweupe katikati, vitufe juu, idadi ya maneno chini. Sikio halina mpigo mmoja. Hupokea jambo moja, kisha jingine, kama mafundi wanaorushiana matofali kwenye mstari. Tofali likikosekana, ukuta una tundu.

Mfano ulio karibu ni mtangazaji wa mpira redioni. Msikilizaji hauoni uwanja. Anajengewa uwanja wa maneno: nani ana mpira, yuko upande gani, anaufanyia nini. Sasa fikiria mtangazaji anayesema: mchezaji anampasia mchezaji, mchezaji anampasia mchezaji, mchezaji anapiga, mchezaji anadaka. Hajadanganya hata neno moja. Lakini hujui Simba wamefunga au wamefungwa.

Ndivyo programu mbovu inavyosikika. Nabonyeza Tab kusogea kutoka kitu kimoja hadi kingine, na sauti inaniambia kwa Kiingereza chake cha bati: batani. Tab. Batani. Tab. Batani. Kimoja kati ya vitufe hivyo huhifadhi kazi yangu, kingine huifuta. Anayeona anaonyeshwa picha ya diski au ya pipa la taka. Mimi nina batani tatu zilizovaa sare.

*

Mambo hayakuanza hivi, na hilo huwashangaza wengi. Kompyuta za zamani za skrini nyeusi na maandishi matupu zilimfaa msomaji asiyeona kuliko zilizozifuata. Kwenye mfumo wa DOS, skrini ilikuwa na mistari 25 yenye nafasi 80 kila mmoja, na kila herufi iliyoonekana ilikaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta ikiwa herufi. Programu ya kusoma ilichotakiwa kufanya ni kwenda huko na kusoma. Jim Thatcher, mwanahisabati wa IBM, alitengeneza programu ya namna hiyo katikati ya miaka ya 1980, akishirikiana na mwenzake asiyeona, Jesse Wright. Mwaka 1989, huko Florida, Ted Henter, aliyekuwa mwendesha pikipiki za mashindano kabla ya ajali ya gari kumpofua, alitoa kisoma skrini cha JAWS. Kwa miaka michache, asiyeona na anayeona walikaa mbele ya maandishi yaleyale.

Kisha yakaja madirisha na picha. Neno lililokuwa herufi saba kwenye kumbukumbu likawa mchoro wa nukta za rangi, na mchoro wa neno si neno, kama picha ya ugali isivyo mlo. Visoma skrini vikalazimika kuishi kwa kudukua. Vilikaa njiani, vikanasa amri za kuchora zilizotoka kwenye programu kwenda kwenye skrini, na kutokana na amri hizo vikajichorea ramani ya kubahatisha: hapa pamechorwa mstatili, ndani yake pana maandishi, huenda ni kitufe. Toleo jipya likitoka na michoro mipya, ramani yote inavurugika.

Mwaka 1997 Microsoft ilileta njia nyingine. Badala ya kubahatisha, programu yenyewe iulizwe. Wewe ni nani? Kazi yako nini? Uko katika hali gani? Programu iliyotengenezwa vizuri hujibu: jina langu ni Hifadhi, mimi ni kitufe, kwa sasa sibonyezeki. Kisoma skrini kikishapata majibu hayo, hakihitaji tena kujua kitufe kimechorwa vipi.

Mwanafunzi wa fasihi akisikia mambo hayo matatu, jina, dhima na hali, anajua yuko nyumbani. Huo ni uhusika. Mwandishi mvivu huleta mtu mlangoni bila jina wala shughuli, na sisi wahakiki humchapa. Mhandisi anayeleta kitufe bila jina amefanya kosa lilelile, ila hachapwi, kwa sababu wasomaji wake wengi wanaona picha na hawajui kwamba jina halipo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na namna jambo hili linavyozungumzwa kwetu. Ufikivu huelezwa kama huduma ya ziada: programu ipo, imekamilika, kisha wenye huruma wanaongeza njia ya wasioona, kama jengo linaloongezewa mteremko wa kiti cha magurudumu baada ya mgeni rasmi kulifungua. Lakini kitufe kisicho na jina hakijakamilika. Programu inayojua tu mahali pa kuchora mstatili, isijue mstatili huo ni wa nini, imeandikwa nusu. Kisoma skrini hakidai fadhili. Kinasoma rasimu na kuonyesha pengo.

*

Kesi iliyonifundisha hili vizuri zaidi ilitokea Marekani, katika jimbo la Massachusetts, mwaka 2005. Naipenda kwa sababu haina shujaa.

Mwezi Septemba mwaka huo serikali ya jimbo iliamua kwamba nyaraka zake zihifadhiwe katika mifumo iliyo wazi, hasa ule wa OpenDocument, na ikaweka Januari 1, 2007 kuwa siku ya kuanza. Hoja ilikuwa nzito. Kumbukumbu za umma zisifungiwe ndani ya faili ambalo siri ya muundo wake inashikwa na kampuni moja. Raia wa miaka 50 ijayo aweze kufungua barua ya leo bila kumwomba mtu ruhusa. Programu mashuhuri iliyoandika nyaraka za namna hiyo wakati ule ilikuwa OpenOffice.org, iliyogawiwa bure. Kila mpenda uhuru alipiga makofi.

Kisha wafanyakazi wasioona na vyama vya watu wenye ulemavu wakasimama na kusema: sisi je? Kwa miaka mingi visoma skrini kama JAWS vilikuwa vimefundishwa kuzungumza na Word na Excel. Na OpenOffice.org havikuelewana vizuri. Kwenye Windows ilibidi mazungumzo yapitie daraja la Java, na daraja lenyewe lilikuwa bovu. Kwa mtumishi wa serikali asiyeona, faili lililo huru lingekuja ndani ya programu asiyoweza kuitumia. Nyaraka zingefunguliwa kwa umma wote, yeye akafungiwa nje ya meza yake mwenyewe.

Watetezi wa mfumo ulio wazi walikasirika. Wapo waliosema wasioona wametumiwa kama ngao na Microsoft, ambayo ilikuwa na biashara kubwa ya kulinda. Na ni kweli kwamba malalamiko yale yaliifaa Microsoft. Lakini hoja haiwi ya uongo kwa sababu tajiri ameifurahia. Paa la maskini likivuja, linavuja hata kama mwenye duka la mabati anashangilia mvua.

Mkuu wa teknolojia wa jimbo, Peter Quinn, alijiuzulu mwishoni mwa mwaka huo katikati ya mvutano. Serikali ikaishia kutumia vigeuzi, ili mtu abaki na Word yake huku akihifadhi faili katika OpenDocument, na mwaka 2007 ikaukubali pia mfumo mpya wa Microsoft. Wengi husimulia kisa hiki kama ushindi wa kampuni. Mimi natazama yaliyotokea pembeni. Waandishi wa OpenDocument waliketi na wataalamu wa ufikivu, na toleo la 1.1, lililopitishwa Februari 2007, likaja na mambo ambayo la kwanza lilikosa: nafasi ya kuweka maelezo ya michoro, njia ya kuonyesha kwamba maelezo fulani ni ya picha fulani, mpangilio wa kusogea kati ya vitu kwenye slaidi. Mwishoni mwa 2006 IBM nayo ilitoa bure kanuni za mazungumzo zilizoitwa IAccessible2, zilizoongeza pale njia ya 1997 ilipoishia, hasa katika maandishi marefu na majedwali. Baadaye LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice.org, ilizichukua kanuni hizo, na lile daraja la Java likakosa kazi.

Kwa hiyo waliolalamika waliufanya mfumo ulio wazi uwe wazi kweli. Kabla yao, neno "wazi" lilimaanisha kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kusoma. Wao waliuliza kama mtu yeyote anaweza kusoma, na kati ya kuruhusiwa na kuweza pana shimo ambalo wengi hawalijui kwa sababu hawajawahi kulivuka.

Sisi pia tunahusika na kisa hiki. Mwaka 2004, mwaka mmoja kabla ya mvutano wa Massachusetts, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu hiyohiyo kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya fahari. Watu waliketi wakabishana kitufe hiki kiitwe nini kwa lugha yetu. Anayeona anaweza kulipuuza jina la kitufe na kufuata picha. Kwa asiyeona jina ndilo kitufe kizima. Wafasiri wale walikuwa wanaandika sauti ambayo msomaji kama mimi angeisikia siku nzima. Majina ya Kiswahili yalikuwepo, ila njia ya kuyafikisha kwenye sikio ilikuwa daraja lilelile bovu.

*

Huku kwetu mlango ulifunguliwa na vijana wawili wa Australia. Leseni ya kisoma skrini cha kibiashara ilikuwa mamia ya dola, zaidi ya bei ya kompyuta yenyewe. Mwaka 2006 Michael Curran, asiyeona, alianza kuandika kisoma skrini cha Windows ambacho mtu angekipata bure, na James Teh, naye asiyeona, akajiunga naye. Kinaitwa NVDA. Msimbo wake uko wazi, kinaishi kwa michango, na ndicho ninachotumia sasa hivi ninapoandika sentensi hii. Kosa likiwa kwenye usomaji, yupo mtu asiyeona upande wa pili ambaye limemkera kabla yangu.

NVDA huja na sauti ya eSpeak NG, ambayo ni nyepesi, kavu kama muhogo wa juzi, na inajua lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwemo. Kiswahili ni lugha rahisi kwa mashine: silabi nyingi huishia na irabu, mkazo hukaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tunaandika tunavyotamka. Tatizo ni kuiambia mashine kwamba hiki ni Kiswahili.

Programu za kuandikia huweka alama ya lugha kwenye maandishi. Wengi huijua kupitia ile mistari myekundu inayojaa chini ya kila neno la Kiswahili kwa sababu faili linadhani linasoma Kiingereza kibovu. Kwako mistari ile ni kero ya macho. Kwangu alama hiyo huamua sauti, kwani kisoma skrini kinachoifuata kitayasoma maandishi hayo kwa Kiingereza. "Pole" ya msiba inakuwa mlingoti. "Wake" wa mtu wanaambiwa waamke. Same, mji wa Kilimanjaro, inakuwa "sawasawa". Hebu pitisha hapo shairi la mizani 16, vina vyake vya kati na vya mwisho vikitamkwa na Mwingereza wa bati, kisha uniambie mshairi alikusudia nini. Nimesoma makala za kitaaluma kuhusu urari wa vina katika faili ambamo hakuna kina hata kimoja kilichosikika. Naweza kubadilisha sauti kwa mkono, na hubadilisha mara kadhaa kila ukurasa, kwa sababu msomi wetu hawezi kumaliza aya bila kunukuu Kiingereza. Aliyeandika angeweka alama mara moja tu.

*

Sasa programu zenyewe, kwa ufupi na bila upendeleo.

Word ndiyo inayozungumza vizuri zaidi, na ubora huo umetokana na miaka mingi ya visoma skrini kuijifunza. Natembea kutoka kichwa cha habari hadi kingine kwa herufi moja ya kibodi. Napata maoni, marekebisho, tanbihi. Utepe wa vitufe ulioletwa mwaka 2007 ni jambo jingine. Menyu ya zamani ilikuwa orodha, na sikio linapenda orodha. Utepe ni gulio: vitu vimepangwa kwa namna inayomvutia mpita njia mwenye macho. Lakini Microsoft iliacha njia nyingi za kibodi za zamani zifanye kazi, na uamuzi huo, ambao haukupigiwa tarumbeta, uliokoa ujuzi wa watu wengi.

LibreOffice imetoka mbali tangu siku za daraja la Java. Kwa barua na insha inanitosha. Kwenye nyaraka ndefu zenye majedwali na marekebisho mengi bado hutokea nikasogea na sauti isisogee nami. Naihukumu kwa upole kidogo, kwa kuwa kasoro zake huripotiwa hadharani na mtu yeyote anaweza kufuatilia zimefikia wapi.

Google Docs ni kisa cha kurudi tulikotoka. Mwaka 2021 Google walitangaza kwamba kurasa za Docs zitakuwa zinachorwa kwenye kanvasi, badala ya kujengwa kwa vipande vya kawaida vya ukurasa wa wavuti. Sababu zao zilikuwa kasi na kuonekana sawa kila mahali. Lakini kanvasi ni picha: neno limekuwa mchoro tena, kama lilivyokuwa baada ya DOS. Ili nisikie kitu, Google wanatoa maandishi mengine pembeni kwa ajili ya kisoma skrini, na mtumiaji huwasha mpangilio huo mwenyewe. Ukishawashwa, unafanya kazi, tena vizuri kuliko nilivyotarajia. Kinachonisumbua ni muundo wake. Sasa pana hati mbili, moja ya kuonekana na nyingine ya kusikika, na imani yangu yote iko kwa wahandisi wanaozilinganisha. Siku ile ya kusikika ikisahaulika katika toleo fulani, anayeona hataona tofauti yoyote.

Hukumu yangu kwa zote tatu ni kwamba kipimo kisiwe ukurasa mtupu. Programu yoyote inaweza kunisomea aya. Kipimo kiwe maoni ya pembeni, kwa sababu hapo ndipo kazi ya ofisi na ya chuo inafanyika: mtu mmoja anamwambia mwingine, kwa faragha, alichokosea.

Katika shahada ya kwanza, msimamizi wangu alisahihisha kwa kalamu kwenye karatasi zilizochapwa. Mwenzangu wa bweni alinisomea, kwa moyo mweupe na kwa sauti kubwa, wengine watatu wakiwa vitandani. Ndivyo nilivyopata habari kwamba sura ya pili haina hoja: kwa mdomo wa mtu anayenidai shilingi elfu tano, akifuatiwa na ukimya wa chumba kizima. Sasa maoni huja ndani ya faili. Nikifika kwenye sentensi iliyosemwa, sauti inaniarifu kwamba pana maoni, nabonyeza, nasikia kwenye vipokea sauti vya masikioni. Naweza kukasirika peke yangu. Naweza kusikiliza mara tatu, nikagundua mara ya tatu kwamba msimamizi ana haki, na hakuna aliyeniona nikigundua. Anayeona hupata faragha hiyo bila kuiomba. Programu ikisema tu "maoni" bila kusema yanahusu maneno gani, inanirudisha bwenini.

*

Hata hivyo programu nzuri haitoshi, kwa sababu kila hati ina mwandishi, na waandishi wengi wa hati ni sisi.

Chukua kichwa cha habari. Watu wengi wakitaka kichwa hukoza maneno, huyakuza, huyaweka katikati, basi. Machoni ni kichwa. Ndani ya faili ni aya ya kawaida iliyovaa suti ya kuazima. Mimi natafuta vichwa, na naambiwa havipo. Tasnifu ya kurasa 120 inakuwa barabara moja isiyo na kituo. Mtindo wa kichwa umekaa palepale kwenye vitufe, mbofyo mmoja tu. Hukutengenezea na yaliyomo yenyewe, kazi ambayo wanafunzi wenzangu huifanya kwa mkono na nukta usiku wa kuamkia kukusanya tasnifu.

Au chukua karatasi iliyopigwa skani. Ofisi moja, ambayo siitaji, ilinitumia fomu ya kujaza. Nilipoifungua sauti ikasema ukurasa ni mtupu. Fomu ilikuwa picha ya karatasi, yenye mhuri na kivuli cha kidole, na hapakuwa na herufi hata moja ya kusomwa. Nilikwenda kwa katibu muhtasi.

"Mwanangu, si umwombe mwenzako akusomee?"

"Mama, shikamoo. Inauliza habari za afya yangu."

Alinyamaza. "Marahaba. Basi kaa hapo." Akaichapa upya yote, maswali 20 na ushee, akanitumia. Sehemu za kujaza aliweka mistari ya nukta, na kwa mipangilio ninayotumia sauti ikaanza: nukta, nukta, nukta, mpaka tukacheka wote wawili. Lakini fomu ilisomeka, na niliijaza mwenyewe. Mama yule hakuwa na semina wala bajeti ya ufikivu. Alielewa kwamba kusomewa na kusoma ni vitu viwili.

Sheria inaelewa hilo pia, kwenye karatasi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga sheria yake mwaka 2010, na mkataba huo unataja wazi teknolojia ya habari. Programu nazo zimepewa wakaguzi: tangu toleo la 2010 Office ina chombo kinachopitia hati na kuonyesha mapungufu ya ufikivu, na LibreOffice ina chake. Nawashauri muwatumie. Ila mkaguzi wa namna hiyo ni msahihishaji wa tahajia, si mhakiki. Anajua kama picha ina maelezo. Hajui kama maelezo hayo yana maana. Nimekutana na grafu katika makala ya uchumi yenye maelezo "picha 3". Mkaguzi ameridhika kabisa. Siku hizi Word inaweza hata kubuni maelezo yenyewe, ikaniambia kuna picha ya watu waliosimama nje. Watu gani, wamesimama kwa nini, na kwa nini mwandishi amewaweka hapa kati ya aya hii na ile? Hayo anayajua mwandishi peke yake, na ilitosha aandike sentensi moja.

Ndiyo maana naiita kazi hii ya kifasihi na siiachii wahandisi pekee. Kukipa kitu jina ili asiyekiona akijue, kuchagua katika picha nzima jambo moja linalostahili kusemwa, kumfikiria msikilizaji asiyekuwepo: hizo ni kazi za msimulizi, na sisi tuliosomea lugha tumezisomea kwa ada. Wanaotengeneza programu za Kiswahili sasa, za benki, za vyuo, za kulipia umeme, wanawahitaji watu wanaojua tofauti ya "Tuma" na "Wasilisha", na wanaojua kwamba kwa baadhi ya watumiaji neno hilo ndilo kila kitu watakachopata.

Kabla ya kuwafikia hao, lipo faili ulilonalo. Lifungue, sukuma kipanya pembeni, zima skrini. Washa kisoma skrini. Windows inacho chake, kinaitwa Narrator, na NVDA ni ya bure. Tafuta kichwa cha sura ya tatu. Kisha tafuta maoni ya mwisho ya msimamizi wako, uyasikilize mpaka mwisho.